Subiri Herufi Moja

Chipu hii ni mwongo, lakini si mwongo wa kutisha.
Ni mwongo wa mtoto aliyeulizwa kama amemeza,
akafungua kinywa, akatoa ulimi: tazama, nimemaliza,
na tonge la mkate bado limejificha shavuni.

Nimeiuliza mara elfu usiku huu: umetuma yote?
Rejista inajibu moja. Moja maana yake ndiyo.
Basi kiendeshi changu, kwa adabu niliyokifunza,
kinafunga mlango ili upande wa pili upate kusema,
na herufi ya mwisho inabanwa na bawaba.

Kituo cha pampu kiko nje ya Workum,
huku Friesland, ambako ng'ombe hulala chini kuliko samaki.
Maji yakiachiwa usiku mmoja hurudi kudai shamba lao.
Ndiyo maana kompyuta huiambia pampu: vuta,
pumzika, vuta tena.
Tangu Jumanne pampu inasikia: vut
na inasimama hapo, ikinguruma kwa mashaka.

Wiebren, mlinzi wa pampu, ana miaka sabini na moja.
Anazungusha gurudumu la chuma kwa mikono yake,
kisha ananipigia simu.
"Mitaro imepanda sentimita nne. Basi. Kwa heri."
Nakata. Huwa nakata haraka.

Waliotengeneza chipu walifunga kiwanda zamani.
Kijitabu chao kina kurasa themanini na mbili,
na kwenye ukurasa wa sitini na moja, kwa maandishi ya sisimizi:
biti ya sita isitegemewe.
Hapana sababu. Hapana samahani.
Bodi ya maji imesema mtambo mpya ni bajeti ya mwakani.
Maji hayajui mwakani.

Wala si hilo tu. Mgeni muungwana hubisha hodi;
chipu hii, baiti mbili zikifika pamoja,
hubisha mara moja tu
na kumwacha wa pili nje, mvuani.
Nikapanda saa ndogo ndani ya kiendeshi:
kila baada ya kitambo inuka, fungua, chungulia,
hata kama hukusikia hodi.
Mwalimu wangu wa Delft angeuita ujinga.
Ni ujinga, na unafanya kazi.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema uuzibe kwa nini.
Mimi nimeuziba kwa kungoja.

Hesabu yenyewe ya kitoto: biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde,
kila herufi biti kumi,
basi milisekunde moja na punje juu yake.
Nikaandika: ikisema imemaliza, usiiamini,
wala usiigombeze.
Subiri herufi moja ambayo haipo.
Juu ya mstari huo nikaweka maelezo,
kwa kijana atakayekuja siku moja na fagio lake la kusafisha msimbo:
USIFUTE. HILI SI KOSA LANGU.
Nikasoma tena. Nikafuta sentensi ya pili.

Saa kumi na dakika ishirini, alfajiri, pampu ikasikia: vuta.
Sikujua kwa skrini, nilijua kwa simu.
"Inavuta," alisema Wiebren, na nyuma yake
mngurumo mnono, kama wa mtu aliyeshiba.
"Mtaro wa mashariki umeanza kushuka. Basi. Kwa heri."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Kikakaa.
Kwenye waya palikuwa na pumzi, kikohozi,
buti la mpira likivuliwa kwa shida.

"Jeltje," akasema, "umekula?"